Sikio si kipimo: acheni kuuza kabureta kwa ugonjwa wa taimingi

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi ya gazeti mnaijua: ukitoka kikao cha madiwani unakimbilia mahakamani, ukirudi ofisini mhariri anataka habari iwe mezani kabla ya saa kumi na moja jioni. Leo nimeamua nisilale kabla sijalisema hili, maana limenikaa rohoni. Ni habari ya taimingi ya injini. Najua wapo waliokuja hapa kutafuta siasa. Kaeni, msiondoke. Hii nayo ina siasa yake, kwa sababu kuna watu wanaliwa fedha mchana kweupe na bado wanasema asante fundi.

Ninachosema ni hiki: gari la zamani likikosa nguvu, likichemka, likinywa petroli kama lori na kulipua bomba la moshi, mara nyingi sana ugonjwa hauko kwenye kabureta. Uko kwenye umeme wa kuwashia, tena kwenye SAA ya ule umeme. Kuipima saa hiyo kunahitaji balbu moja, waya mbili na dakika ishirini. Lakini nenda gereji kumi, tisa watakufungulia kabureta kwanza. Kwa nini? Nitalijibu hilo huko mbele, na jibu lenyewe litawaudhi wenye magari kuliko mafundi.

Baba yangu mdogo ni mwalimu mstaafu, anaishi Iringa. Ana Volkswagen Beetle ya 1969, injini ya 1500, gari alilolinunua kabla mimi sijazaliwa. Mwaka 2024 lilianza kushindwa kupanda kile kilima cha kutoka Ipogolo kuingia mjini. Wanaopajua wanajua. Lilikuwa linapanda kwa gia ya tatu, likashuka hadi ya pili, mwisho likawa linapanda kwa gia ya kwanza huku bodaboda zinalipita na abiria wanageuka kulitazama. Akalipeleka gereji moja. Fundi akasikiliza, akakanyaga mafuta mara tatu, akasema, "Mwalimu, kabureta hii imekufa." Ikanunuliwa kabureta. Gari likawa lile lile. Akasema koili. Ikanunuliwa koili. Zikafuata plagi na waya zake, halafu pampu ya petroli. Kisha fundi yule akagundua jambo jipya: Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, gari haliwezi kuwa na nguvu. Jamani! Gari limeishi Iringa miaka yote hiyo, leo ndiyo limegundua kwamba mji uko mlimani? Ni kweli kwamba injini ya kabureta hupungukiwa nguvu kwenye miinuko, lakini mji haukupanda juu mwaka 2024.

Mwisho hukumu ikatolewa: injini ifunguliwe yote. Baba mdogo alikuwa ameshatumia karibu shilingi laki nne, na pensheni ya mwalimu mnaijua ilivyo. Akanipigia simu kuniambia kuna mtu wa chuma chakavu amekuja kulitazama. Nilimwambia, "Baba mdogo, nakuomba usiuze, nakuja Ijumaa."

Nilipofika tulimchukua fundi mwingine, kijana wa chini ya mwembe, hana bango wala ovaroli. Alifungua kifuniko cha distribuita, akachomeka fila geji katikati ya pointi. Kipimo kinachotakiwa ni milimita 0.4. Hata ile ya 0.2 iliingia kwa shida. Kile kidole cha plastiki kinachosuguana na kamu kilikuwa kimelika. Halafu akavua ule mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye kibuyu cha distribuita, akaunyonya kwa mdomo. Sahani ya ndani haikutikisika. Kiwambo cha ndani kilikuwa kimechanika. Mambo mawili hayo tu. Sasa nyinyi niambieni, kabureta mpya ingefanya nini hapo?

Hebu tuelewane kwanza taimingi ni kitu gani, maana kuna watu wanalitaja neno hili kila siku kama vile wanavyotaja "uchumi", bila kujua lina nini ndani. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwashwa na plagi haulipuki papo hapo kama bomu. Unaungua, na kuungua kunachukua muda. Tuseme kwa makadirio ni sehemu 2 kati ya 1,000 za sekunde. Injini ikiwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde, yaani digrii 18,000 kwa sekunde. Zidisha mwenyewe: katika muda ule mfupi wa kuungua, krankshafti imeshakwenda digrii 36. Kwa hiyo cheche ikingoja pistoni ifike juu kabisa ndipo iruke, moto utakuja kupata nguvu wakati pistoni imeshashuka zake. Nguvu inaondoka na moshi. Ndiyo maana cheche hutangulia. Injini ikiwa imetulia kwenye mizunguko 800 hivi, hesabu ile ile inakupa kama digrii 10 tu. Unaona sasa kwa nini cheche haiwezi kutangulia kwa kiasi kimoja muda wote? Ndani ya distribuita kuna vizito vidogo vinavyotanuka kadiri mwendo unavyoongezeka, na nje kuna kile kibuyu kinachovutwa na upepo wa kabureta. Kazi yao vyote viwili ni kuisogeza saa ya cheche. Vizito vikishika kutu, au springi zikilegea, au kibuyu kikichanika, saa inakwama.

Cheche ikichelewa, gari linakuwa zito, injini inapata joto, bomba la moshi linakuwa jekundu ndani, na petroli inaisha bila kazi. Ikitangulia mno, injini inagonga, inarudisha teke wakati wa kuwasha, na ukiendelea hivyo mlimani na mzigo unaweza kutoboa pistoni. Kwa Beetle kuna jambo la ziada. Injini hizi hupozwa kwa upepo wa feni, na katika zile za hadi mwaka 1970 kipozeo cha oili kimekaa ndani ya njia ya upepo unaokwenda silinda namba 3. Hiyo silinda inapata upepo uliokwisha kupata joto. Wajerumani wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana distribuita nyingi za zamani za Volkswagen zimechongwa ili namba 3 iwashwe nyuma kidogo ya wenzake. Kwa hiyo ukichezea taimingi ya Beetle ovyo unaichoma silinda ambayo tayari inaonewa.

Sasa tuje kwenye hili la sikio. Nimelisikia tangu utotoni: "Fundi yule ana sikio, hahitaji vifaa." Wanafanya hivi: analegeza distribuita, anaizungusha taratibu injini ikiwa inanguruma, anatafuta mahali inapozunguka kwa kasi zaidi, halafu anarudisha "kidogo". Kidogo ni kiasi gani? Distribuita inazunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, kwa hiyo ukiigeuza digrii 1 umebadilisha taimingi digrii 2. Unene wa ukucha tu hapo unakupeleka wilaya nyingine. Tena injini isiyo na mzigo hupenda cheche itangulie sana, inazunguka kwa raha kabisa pale gereji. Ni mlimani, gia ya tatu, watu wanne ndani, ndipo inapoanza kujiua. Mahali ambapo sikio linapenda siyo mahali ambapo injini inapona.

Mtanijibu kwamba ikigonga tutasikia. Kwenye Peugeot au Land Rover, sawa, mara nyingi mtasikia. Kwenye Beetle injini iko nyuma, feni inapiga kelele, bati limefunika kila kitu, na dereva amekaa mbele na madirisha wazi. Mpaka usikie mgongano huo, kazi imeshakwisha haribika. Sikio ni kitu kizuri, siwadharau wenye nalo. Linatambua valvu iliyolegea, linatambua bearingi, linatambua silinda inayomisi. Lakini sikio haliwezi kusoma digrii, kama ambavyo mkono wa mama yako kwenye paji la uso unajua una homa lakini haujui kama ni malaria.

Kipimo chenyewe ni aibu kwa urahisi wake. Nitakieleza ili asije mtu kusema naongea hewani. Hii ni kwa Beetle ya kabureta moja yenye distribuita ya kibuyu ambayo kitabu chake kinataka digrii 7.5 kabla ya juu, kama ilivyokuwa ile ya baba mdogo. Zipo zinazotaka sifuri, zipo zinazotaka digrii 5 BAADA ya juu. Tazama namba iliyopigwa kwenye distribuita yako na injini yako, usiige ya jirani.

Injini iwe baridi. Rekebisha valvu kwanza, halafu weka pointi kwenye milimita 0.4. Pointi lazima zitangulie taimingi, kwa sababu nafasi ya pointi ikipungua, zinachelewa kufunguka, na cheche inachelewa nazo. Ukipanga taimingi halafu ukaja kugusa pointi, umefuta kazi yako mwenyewe. Zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli, kuelekea mshale wa saa, mpaka rota ya distribuita iangalie ule mkato mdogo kwenye ukingo wake, na alama ya puli ikae sawasawa na mstari unaounganisha nusu mbili za injini. Hapo uko silinda namba 1. Chukua balbu ya volti 12, waya mmoja kwenye koili pale unapotoka waya mwembamba wa kwenda distribuita, mwingine kwenye bodi. Fungua swichi bila kuwasha gari. Legeza kile kishikio cha distribuita, geuza distribuita kuelekea mshale wa saa mpaka balbu izime, kisha irudishe polepole sana kinyume. Pale balbu inapowaka tu, SIMAMA. Pointi zimefunguka pale pale, na hapo ndipo cheche inaporuka. Kaza. Zima swichi upesi, usiiache wazi ukaenda kunywa chai, koili inaungua.

Basi. Ndiyo hiyo. Mwenye taa ya kumulika taimingi atakwenda mbele zaidi, ataiwasha injini na kuangalia kama cheche inasogea inapokanyagwa hadi mizunguko 3,000 na zaidi, ambako jumla inatakiwa ifike karibu digrii 30. Isiposogea, ni vizito au kibuyu. Kama alama za puli zinakutia shaka (na zitie shaka, maana puli nyingi zimebadilishwa na kuletwa za aina nyingine), hakikisha juu ya pistoni kwa kuingiza mrija wa soda kwenye tundu la plagi. Mrija wa plastiki, narudia. Tundu la Beetle limelala upande, na bisibisi ukiiweka pale itakwama na kukuvunjia kitu.

Kabureta ndiyo ya MWISHO. Valvu, pointi, taimingi, halafu kabureta. Ukianza na kabureta unaipanga ili ifiche kosa la umeme, na kesho ukirekebisha umeme, kabureta nayo inakuwa imekosewa.

Kuna kisingizio kingine kinachopendwa: petroli mbaya. Hiki sitakikataa chote, maana kina historia yake. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara hadi kufikia mwanzoni mwa 2006, baada ya makubaliano ya Dakar ya mwaka 2001, na kwa afya za watoto wetu ilikuwa ni heri kubwa. Halafu sisi Tanzania tukawa na wachakachuaji waliochanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe. (Waliolipa gharama hiyo ni bibi zetu wenye vibatari, lakini hiyo ni makala nyingine.) Sasa petroli yenye mafuta ya taa inafanya injini igonge. Fundi anasikia mgongano, anarudisha distribuita nyuma, mgongano unakwisha, watu wanapeana mikono. Mafuta yakaja kuwa mazuri, lakini distribuita ilibaki kule kule nyuma. Nina hakika kuna magari nchi hii yanatembea mpaka leo na taimingi iliyopangwa kwa ajili ya petroli ya mwizi aliyekwisha funga kituo.

Nirudi kwenye swali langu. Kwa nini fundi anaanza na kabureta? Wengi mtasema ni tapeli. Mimi nasema wengi wao si matapeli. Sisi wateja ndio tumewafundisha. Mwambie mwenye gari, "Bosi, nipe elfu ishirini nipime nijue tatizo," atakujibu, "Elfu ishirini ya kuangalia tu?" Mtu huyo huyo mwambie kabureta ni laki na nusu, atatoa bila kulalamika, kwa sababu kabureta anaishika mkononi na kuiona inang'aa. Tunalipa chuma, hatulipi akili. Daktari tunampa ada ya kumwona kabla hajagusa kidonge, wakili tunamlipa kwa kutusikiliza, ila fundi tunataka atambue ugonjwa bure halafu ajilipe kwenye kipuri. Basi anajilipa kwenye kipuri! Yule kijana wa chini ya mwembe, baada ya kufunga pointi mpya na kibuyu kilichotoka kwenye distribuita ya zamani aliyokuwa nayo kwenye boksi, aliona haya kabisa kutaja bei ya kazi. Baba mdogo alimlipa vizuri, lakini angalia yule kijana alivyozoeshwa: anaona fikra zake hazina bei.

Na lipo jambo la pili, nalo wasomi wenzangu hawalipendi. Spana boi anaingia gereji na darasa la saba au kidato cha nne, anajifunza kwa kutazama mkono wa mkubwa wake. Kitabu cha injini kipo, lakini ni cha Kiingereza, na kwa Beetle hata cha Kijerumani. VETA imekuwapo kwa sheria ya mwaka 1994. Niambieni, ni vitabu vingapi vya ufundi wa injini vya Kiswahili ambavyo spana boi wa Iringa anaweza kuviazima leo? Tunaimba kila mwaka kwamba Kiswahili ni lugha ya kazi, halafu kazi yenyewe hatuiandiki. Mtu ambaye hajawahi kuona imeandikwa mahali popote kwamba pointi hutangulia taimingi, atajuaje, aote? Ndipo anaposhika sikio lake, maana ndicho kifaa pekee ambacho hakikuandikwa Kiingereza.

Kuna rafiki yangu mmoja hapa ofisini, nilipomsomea haya alicheka akasema, "Achana na makopo, nunua Toyota iliyotumika kutoka Japan, kompyuta inajipangia taimingi yenyewe." Kweli inajipangia. Kuna sensa kwenye krankshafti na nyingine inayosikiliza mgongano, na kompyuta inasogeza cheche mara nyingi kwa sekunde. Lakini angalia kinachofuata taa ya injini ikiwaka: kijana anachomeka mashine, inasoma namba ya kosa kwamba silinda zinamisi, naye anakuuzia koili nne. Misi bado ipo. Anakuuzia sensa. Namba ile imetaja dalili tu, haikutaja ugonjwa. Ni yule yule fundi wa kabureta, amebadilisha shati. Tusipojifunza kupima kwenye injini ambayo kila kitu unakiona kwa macho, tutajifunzia wapi?

Na msiyaite makopo. Beetle ilishinda Safari Rally ya 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na Peugeot 404. Magari ya pointi na kabureta, kwenye matope ya Afrika Mashariki, bila kompyuta hata moja. Beetle ziliendelea kutengenezwa hadi Julai 2003 kule Mexico, zikafika zaidi ya milioni 21. Kitu kilichotengenezwa mara milioni 21 kinapimika, tena kipimo chake kimeshaandikwa.

Mafundi mnaosoma hapa, najua mpo, maana mara ya mwisho nilipoandika habari za breki mlinishambulia kweli kweli. Nishambulieni na leo, ila mje na namba. Na wewe mwenye gari unayejisifu kwamba fundi wako anapanga kwa sikio, kesho asubuhi kabla hajashika bisibisi muulize hivi: distribuita yangu ni namba ngapi, na inataka digrii ngapi? Akikujibu, mlipe kwa jibu hilo hata kama hakugusa kitu. Akianza kukutazamia bei ya kabureta, chukua ufunguo wako.